Mwongozo kamili: safari ya gari ya mwisho wa wiki na familia mwenyeji nchini Japani

Wanafunzi wetu wengi wanaokaa na familia wenyeji nchini Japani hurudi kutoka safari yao ya kwanza ya gari na malalamiko yanayofanana. Chakula cha jioni kiliandaliwa kwa gharama kubwa na hawakuweza kukila, bafu la pamoja liliwashtua, pesa walizozitoa zilikataliwa, na mama mwenyeji alinyamaza njia nzima ya kurudi bila wao kujua walikosea wapi. Karibu kila mara kosa huwa ni moja, nalo hufanyika kabla gari halijawashwa: mgeni hakusema mapema. Familia ya Kijapani ikipanga safari hupanga yote, kuanzia dakika ya kuondoka hadi sahani zitakazowekwa mezani hotelini, na mabadiliko ya ghafla huwatia haya mbele ya watu waliokwisha kukubaliana nao.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata njia moja ninayoifahamu, ambayo familia nyingi za Nagoya huipenda: Jumamosi asubuhi kutoka Nagoya hadi kijiji cha Shirakawa-go, kulala Takayama, na Jumapili kurudi kwa kupitia mji wa Gero wenye chemchemi za maji moto. Ukiwa Sendai au Fukuoka majina ya miji yatabadilika, lakini hatua hazitabadilika.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Kadi ya ukazi, au pasipoti ikiwa umekwenda kwa ziara fupi, pamoja na kithibitisho cha bima ya afya. Sheria inamtaka mgeni awe na kitambulisho hicho mwilini wakati wote, hata akiwa matembezini.
- Yeni taslimu, hasa noti za elfu moja moja na sarafu za mia. Wauzaji wadogo wa milimani mara nyingi hawapokei kadi.
- Kadi ya chakula iliyoandikwa kwa Kijapani. Maneno yake yako katika hatua ya kwanza.
- Soksi safi jozi tatu zisizo na tundu, na viatu vya kuvua bila kuhangaika na kamba. Kwa siku mbili hizo utavua viatu mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Taulo dogo la mkono, kwa sababu vyoo vingi vya umma havina cha kukaushia mikono.
- Dawa ya kichefuchefu cha safari na mifuko miwili ya plastiki. Mfuko mmoja ni wa dharura, mwingine ni wa takataka zako, maana mapipa ya taka mitaani ni nadra na kila mtu hurudi na taka zake.
- Koti zito kama si kiangazi. Takayama iko milimani, na usiku wake wa Novemba haufanani na wa Nagoya.
- Begi moja laini. Magari mengi ya familia ni madogo, na sanduku gumu litamnyima bibi mahali pa kuweka miguu.
- Zawadi, ambayo nitaieleza katika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Sema vikwazo vyako wiki mbili kabla

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Hoteli ya kitamaduni ya Kijapani, yaani ryokan, kwa kawaida hutoza bei moja yenye malazi, chakula cha jioni na kifungua kinywa. Mpishi huagiza vitu vyake siku kadhaa kabla, na kila mgeni huandaliwa sahani ndogo ndogo nyingi zilizopangwa kwa zamu. Ukisema mezani kwamba huli nguruwe, mpishi hana tena la kufanya, na mama mwenyeji atainama kuomba radhi kwa niaba yako.

Kwa Mwislamu jambo hili lina kina zaidi. Nguruwe hajifichi kwenye nyama peke yake: yumo katika mchuzi wa tambi za ramen, katika mafuta ya kukaangia, na mara nyingi katika vipande vya kutengenezea mchuzi wa kari. Pombe nayo imo katika mirin, kiungo kitamu cha mchele kinachotiwa karibu katika kila mchuzi wa kitoweo. Nyama ya ng'ombe wa Hida, fahari ya eneo hilo la milima ya Takayama, kwa kawaida haikuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na wenyeji watataka sana uionje. Waambie mapema, na kwa upole, kwamba kizuizi kiko katika uchinjaji wala si katika sifa ya nyama yao.

Andika kadi hii, kisha mwombe mwalimu wako aikague kabla hujaikabidhi: *Butaniku wa taberaremasen. Osake mo, osake o tsukatta ryoori mo dame desu. Sakana, tamago, yasai wa taberaremasu.* Maana yake ni kwamba huli nyama ya nguruwe, hutumii pombe wala chakula kilichopikwa kwa pombe, na kwamba unakula samaki, mayai na mboga. Usiiache sentensi ya mwisho. Orodha ya makatazo peke yake humwacha mpishi gizani, ilhali akijua kwamba unakula samaki atakuchomea samaki wa mtoni kwa chumvi, na huyo ni chakula cha heshima milimani. Asiyekula samaki kabisa aseme hivyo pia, kwa sababu supu nyingi hupikwa kwa dashi, mchuzi wa samaki mkavu.

Katika mazungumzo hayo hayo taja mambo mengine manne: kama una chale za michoro (tatuu) mwilini, kwa kuwa mabafu mengi ya umma hayamruhusu mwenye chale kuingia, kama huwezi kuoga uchi mbele ya watu, kama gari hukutapisha, na kama una saa za sala. Kwa sala, usitaje jina la sala pekee, sema muda unaouhitaji: dakika kumi, mchana, mahali patulivu. Dereva wa Kijapani akishajua kwamba ni dakika kumi ataziweka katika ratiba na hatazisahau.

Utajua kwamba hatua hii imefaulu pale mama mwenyeji atakapokurudia baada ya siku moja au mbili na kukuambia kwamba ameshapiga simu hotelini. Asiporudi, uliza tena.

Hatua ya 2: Omba ratiba, na uisome saa kwa namna yao

Omba ratiba kwa maandishi. Kisha kumbuka jambo lililowaponza wengi wa kwetu: 7:00 iliyoandikwa ni saa moja asubuhi kwa hesabu yetu, na 19:00 ni saa moja jioni. Kichwa kilichozoea saa za Kiswahili hutafsiri kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo inayozaa kosa. Katika simu yako weka kengele kwa tarakimu zao, usizigeuze.

Kuhusu gharama, muulize kwanza mratibu wa mpango wako nani hulipa nini, kwa kuwa kila mpango una kanuni zake. Familia nyingi zitakataa pesa ya mafuta na ya barabara. Usiwasukumizie noti mkononi wala kubishana nao mbele ya mhudumu. Chagua kitu kidogo, mahali maalumu, na ukitangaze mapema: “Kahawa ya mapumziko ya kwanza ni yangu.” Hilo hupokelewa kwa furaha. Ikiwa mmekubaliana kwamba utachangia malazi, weka pesa ndani ya bahasha safi na umkabidhi mama kwa mikono miwili mkiwa nyumbani, kabla ya safari.

Hatua ya 3: Zawadi ndogo yenye maelezo

Kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina la Kilimanjaro, na watu wazima wengi wanalijua jina hilo kuliko wanavyoijua nchi yenyewe. Pakiti moja ya kahawa iliyokaangwa, pamoja na maelezo mafupi ya mahali inapolimwa, itawapa mazungumzo ya nusu safari. Kanga pia hupendwa, mradi uwe tayari kulisoma jina lake na kulifafanua. Usibebe nyama ya aina yoyote kutoka nyumbani, hata iliyokaushwa, kwa sababu huzuiwa mpakani.

Hatua ya 4: Asubuhi ya kuondoka

Uwe mlangoni dakika tano kabla, begi likiwa limefungwa na umekwisha kwenda msalani. Usifungue mlango wa gari na kuchagua kiti. Subiri uonyeshwe, kwa sababu mpangilio wa viti huzingatia umri, watoto na anayesoma ramani. Ukipewa kiti cha mbele umepewa heshima, na heshima hiyo ina kazi yake: kukaa macho na kumsemesha dereva. Nyuma unaweza kusinzia bila kumkwaza mtu.

Funga mkanda hata ukiwa kiti cha nyuma. Tangu mwaka 2008 ni lazima kwa abiria wote, na kwenye barabara kuu ya kulipia akikamatwa abiria asiyefunga, pointi ya makosa huandikiwa dereva. Utakuwa umemharibia mwenyeji wako leseni yake.

Onyo moja zito: usikubali kushika usukani. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, mwenyeji mkarimu anaweza kukupa nafasi ujaribu kidogo. Japani inatambua kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949, na kibali cha mkataba mwingine hakifai hata kama kinafanana nacho kwa jalada. Bima ya gari la familia pia mara nyingi huwataja wanaoruhusiwa kuliendesha. Kataa kwa tabasamu na umalize hapo. Vivyo hivyo, aliyekunywa hata bilauri moja haendeshi, na abiria anayejua hivyo na bado akapanda gari anaweza kuadhibiwa pia.

Hatua ya 5: Barabarani, na neno “daijoubu”

Barabara kuu zina vituo vya mapumziko vyenye vyoo safi vya bure, migahawa na maduka. Dereva huvipanga tangu nyumbani. Kabla ya kila kituo utaulizwa kama unahitaji choo, na hapo ndipo wageni wengi hujikwaa, kwa sababu hujibu *daijoubu desu*, wakidhani wanasema “sawa”, ilhali aliyeuliza husikia “hapana, asante”.

Nilijibu hivyo mara mbili katika kituo cha Hirugano Kogen, kwa kuona haya kuwasimamisha watu sita kwa ajili yangu. Baba mwenyeji akaendelea. Muda mfupi baadaye tukaingia katika handaki la Hida, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, njia moja kwenda na moja kurudi, na hapana pa kusimama. Nilikaa nikihesabu taa za ukutani, jasho likinitoka mgongoni, na mama akaanza kunitazama kwenye kioo. Tulipotoka upande wa pili aliuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Nilipomweleza, ni yeye aliyeomba radhi, na alirudia kuomba radhi hiyo mara tatu siku ile. Uzito wa adabu yangu ya uongo ulimwangukia yeye.

Kwa hiyo, katika kila kituo shuka, hata kama huhisi haja. Ukitaka choo sema *toire ni ikitai desu*. Ukihisi kichefuchefu sema mara moja *kuruma ni yoimashita*, kabla hujatapika, kwa kuwa milima ya Hida ina kona nyingi pindi mnapoiacha barabara kuu. Kama wewe ni mtu wa sala, toka nyumbani na udhu, na beba chupa ya maji ili usilazimike kunyanyua mguu kwenye beseni la kunawia mbele ya watu. Kibla kutoka Japani ya kati ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo.

Gari likiharibika kwenye barabara kuu usibaki ndani wala kusimama nyuma yake. Toka na familia hadi nyuma ya kizuizi cha chuma cha pembeni. Simu ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, ya polisi ni 110.

Hatua ya 6: Kijijini Shirakawa-go

Magari ya wageni huachwa katika maegesho ng'ambo ya mto Shogawa, na watu huvuka kwa miguu kwenye daraja linaloning'inia. Mtaa wa Ogimachi una nyumba zenye mapaa manene ya nyasi, yaliyosimama wima kama viganja viwili vilivyokutanishwa kwa maombi, na UNESCO iliuorodhesha mwaka 1995. Sisi tuliozoea makuti tutatamani kulishika lile paa na kuona limefungwaje. Fanya hivyo ndani ya nyumba zilizofunguliwa kwa kiingilio, kama nyumba ya Wada, ambako utapanda hadi darini na kuziona kamba zinazoshika boriti.

Watu wanaishi katika nyumba hizo. Usiingie uani kwa ajili ya picha, usichungulie madirishani, na usiwashe moto wala sigara nje ya mahali palipotengwa, kwa sababu cheche moja inatosha kuteketeza mtaa. Kabla ya kuweka mtandaoni picha yenye watoto wa wenyeji wako au namba ya gari lao, omba ruhusa.

Hatua ya 7: Kuingia ryokan

Viatu huachwa mlangoni, ncha zikitazama nje. Ndani utavaa sapatu za hoteli, lakini hata hizo huvuliwa mnapofika kwenye mkeka wa tatami, ambao hukanyagwa kwa soksi au miguu mitupu. Chooni kuna sapatu nyingine za humo tu. Kosa la kawaida kabisa ni kurudi chumbani ukiwa umezivaa, basi jizoeze kutazama miguu yako kila unapovuka mlango.

Utapewa vazi la pamba liitwalo yukata. Upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Kinyume chake ni namna ya kumvika maiti, na bibi wa nyumba akikuona hivyo atakurekebisha kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Unaruhusiwa kulivaa kwenye chakula na hata kulalia.

Mezani, ngoja wote waseme *itadakimasu*, neno la shukrani kabla ya kula, kisha nawe useme. Usisimamishe vijiti wima ndani ya wali, wala usipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwa sababu yote mawili ni mambo ya mazishini. Hatua ya kwanza ikiwa ilifanyika vizuri, utakuta sahani zako zinatofautiana kidogo na za wengine, na hakuna mtu atakayelizungumzia jambo hilo.

Hatua ya 8: Bafu

Wengi huliogopa bafu kuliko mtihani, na aibu yao ninaielewa. Wanaume na wanawake huoga mahali tofauti, lakini ndani ya kila upande watu huwa uchi kabisa na nguo za kuogelea haziruhusiwi. Kama imani yako au moyo wako haukubali, kuna njia tatu za heshima: kukodi bafu la faragha, liitwalo kashikiri, kwa saa uliyoiweka mapema; kuoga saa ambazo watu ni wachache; au kutumia bafu la chumbani pale lilipo. Huko Gero kuna pia mabirika ya kulowekea miguu kandokando ya mitaa, ambapo familia nzima inaweza kukaa pamoja kwa nguo zao. Hilo nimeona likimwokoa mgeni na kuwafurahisha wenyeji kwa pamoja.

Anayeingia afuate utaratibu huu bila kuruka:

1. Vua nguo zote na uziweke kikapuni. Chukua taulo dogo peke yake.
2. Kaa kwenye kigoda mbele ya bomba, ujisugue kwa sabuni tangu kichwani hadi unyayoni, kisha usuuze mpaka povu lote liishe. Birika la maji moto ni la kupumzikia, na maji yake ni ya watu wote.
3. Funga nywele juu. Wenye rasta au nywele za kusuka wahakikishe hakuna unywele unaogusa maji.
4. Ingia taratibu. Maji huwa na joto la nyuzi 40 au zaidi, kwa hiyo dakika tano zinatosha mara ya kwanza. Taulo huwekwa kichwani au ukingoni, halizamishwi.
5. Jikaushe kidogo kabla ya kurudi ulikoacha nguo, ili usilowanishe sakafu. Kunywa maji.

Ukihisi kizunguzungu, toka na ukae chini papo hapo. Usioge hivyo mara tu baada ya kula sana.

Kwenye bafu la nyumbani kanuni ni ile ile, na ukimaliza usifungue kizibo: maji yale yanamsubiri mwingine.

Hatua ya 9: Jumapili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Japani jembe hilo lichukue tangu siku ya pili: kunja shuka na godoro lako vizuri, beba begi la bibi, kusanya karatasi na chupa garini.

Soko la asubuhi la Takayama, kando ya mto Miyagawa, huisha adhuhuri. Onja vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa kwenye kijiti, ambavyo Takayama hupakwa mchuzi wa soya peke yake bila utamu, moto ukiacha alama nyeusi upande mmoja. Anayejiepusha na pombe aulize kwanza kilichomo katika mchuzi. Usijaribu kupunguziwa bei, kwa maana bei iliyoandikwa ndiyo bei.

Hapo hapo nunua omiyage, yaani zawadi za kuwapelekea waliobaki: mwalimu wako, wenzako wa darasa, jirani wa familia. Chagua boksi lenye vipande vilivyofungwa kimoja kimoja, na uhesabu vichwa kabla ya kulipa. Kurudi mikono mitupu kwenye darasa linalojua kwamba ulisafiri huonekana kana kwamba hukuwakumbuka.

Hatua ya 10: Shukuru mara mbili

Mkifika nyumbani, saidia kushusha mizigo kabla hujakwenda chumbani kwako, kisha useme *osewa ni narimashita*, yaani asanteni kwa kunihudumia, ukiwa umeinama kidogo, kwa baba na kwa mama. Jioni au kesho yake watumie picha tatu au nne zilizotoka vizuri, hasa zile ambazo wao wamo, kwa sababu anayepiga picha za familia mara nyingi ndiye asiyeonekana.

Kisha, kama huishi nao, mtakapokutana tena hata baada ya wiki mbili, anza na maneno *senjitsu wa arigatou gozaimashita*, asante kwa siku ile. Wengi hulisahau hili kwa kuona kwamba wameshashukuru. Mama mwenyeji akijibu kwa kukuuliza kama utakuwa na nafasi majani yatakapogeuka rangi, toa kalenda yako papo hapo na umwambie tarehe zako.